Glynis Ormerod na Makoti ya Mpira

Siku kiwanda cha nguo za kupigia mbizi kilipofunga milango yake mjini Colne, kaskazini mwa Uingereza, Glynis Ormerod alikuwa na miaka hamsini na mitano na vidole vilivyokakamaa kwa gundi. Kwa miaka ishirini na sita alikaa benchi moja na Avril Sagar, wakiunganisha mkono na bega, mguu na kiuno, nguo baada ya nguo, na hakuna mzamiaji hata mmoja aliyewahi kurudisha nguo ya Glynis akilalamika kwamba imeingiza maji. Alilijua hilo kwa sababu alikuwa na tabia ya kuuliza. Kila mwisho wa mwezi alikwenda kwenye dirisha la ofisi akasema, "Kuna yangu iliyorudi?" Na wale mabwana wa ofisini, ambao hawakuwahi kushika brashi ya gundi maishani mwao, walijibu hapana bila kuinua macho.

Mkurugenzi alikuja siku ya mwisho na hotuba ya kurasa nne. Alisema kampuni ile ni familia, na ndiyo maana ilimuuma sana kuifukuza familia nzima kwa mkupuo. Kisha akampa kila mfanyakazi kikombe cha chai chenye picha ya kiwanda. Avril alikwenda na kikombe chake moja kwa moja chooni, akakiacha humo, na hakusema alikiacha sehemu gani.

Glynis hakuwa mtu wa kukaa akitazama mvua, na Colne mvua ya kutazama haikosekani. Aliweka meza sebuleni, akabandika karatasi dirishani: NAZIBA SURUALI ZA WAVUVI. Wale wavuvi wa mtoni, ambao husimama kwenye maji baridi hadi kifuani wakijidai wanapumzika, wakaanza kumletea suruali zao ndefu za mpira zilizotoboka. Mumewe Neville, fundi wa mabasi aliyestaafu, alivumilia harufu ya gundi kama alivyovumilia mambo mengine yote ya ndoa, yaani nyuma ya gazeti.

Ndipo asubuhi moja ya Jumanne akaingia Bwana Haworth. Huyu alikuwa mwalimu wa jiografia aliyestaafu, kapera, mtu mrefu mwenye mabega yaliyojikunja kama anaomba radhi kwa urefu wake. Nusu ya mji ule ilikuwa imepita mikononi mwake, na nusu hiyohiyo ilikuwa imemcheka mgongoni. Alishika mfuko wa plastiki wa dukani uliokunjwa mara tatu.

"Ni koti la mvua," alisema, akilitazama pazia.

Glynis akalitoa mfukoni. Lilikuwa jeusi, jembamba kama ngozi ya puto, linang'aa, lina kola ndefu na mkanda kiunoni. Kwapa la kushoto lilikuwa limeachia kutoka juu hadi chini. Akaligeuza nje ndani, akavaa miwani, akayafuata maungio yake kwa kidole. Mwalimu alikuwa ameshaanza kurudi nyuma kuelekea mlangoni.

"Nani ametengeneza upuuzi huu?" Glynis aliuliza.

Mwalimu akawa mwekundu hadi kwenye masikio. "Samahani sana, Bi Ormerod. Najua si kila mtu anaweza kuelewa. Nipe tu niondoke nalo."

"Hebu njoo utazame! Haya maungio yanakwenda upogo kama mlevi anatafuta nyumba yake. Gundi imepakwa upande mmoja tu. Na hapa je? Alikata kwa meno? Umelitoa wapi hili?"

"Niliagiza kwa posta."

"Na huyo fundi hana haya?"

"Nilifikiri utasema mimi ndiye sina haya."

"Wewe una mabega mapana na mikono mirefu, basi. Hilo kosa lako? Fundi ndiye aliyepaswa kukupima. Vua hilo koti la sufu ulilovaa, mwalimu, usimame hapo kwenye mwanga."

Hivyo ndivyo ilivyoanza, mchana kweupe, Neville akiwa nyuma ya gazeti na kuuliza swali moja tu, kama kuna biskuti zilizobaki.

Mpira ule mwembamba ulikuwa na vituko vyake, tofauti na ule mzito wa kiwandani. Hauingii sindano, maana tundu moja la sindano ni mwanzo wa mpasuko. Unakatwa mdogo kuliko mwili wenyewe, ili ukivaliwa utanuke na kukumbatia. Unafutwa, unapakwa gundi pande zote mbili, unasubiri gundi iache kung'aa, halafu unaunganisha mara moja tu, kwa sababu pande mbili zikishagusana hazisikii tena maombi ya mtu. Kisha unapitisha juu yake kigurudumu cha mkono. Maadui zake wakubwa ni jua na mafuta. Glynis alijifunza haya kwa kuharibu, na aliyevalishwa majaribio yote ni Neville. Mzee wa watu alisimamishwa sebuleni Jumamosi tatu mfululizo, amevalishwa fulana ya mpira ya kijani, gazeti mkononi, akisoma matokeo ya kriketi.

"Inakubana?" mkewe aliuliza.

"Inabana kama mama yako," Neville alijibu, akafungua ukurasa mwingine.

Koti jipya la Bwana Haworth lilipokamilika, lilimkaa kama alizaliwa nalo. Alilivaa siku ya soko, mvua ikinyesha. Alipita mbele ya duka la pai, mbele ya maktaba, mbele ya wanafunzi wake wa zamani ambao sasa walikuwa na vitambi na wajukuu, na maji yaliteleza juu ya mabega yake yaliyonyooka kwa mara ya kwanza tangu mtu yeyote aanze kumkumbuka. Kuna walioguna. Kuna walioangua kicheko. Lakini watu wale wanajua nguo, maana babu zao wote walikuwa wafumaji, na hata waliocheka walirudi nyumbani wakisema kwamba ile kola, jamani, ile kola imekaa.

Mwalimu alikuwa na wenzake. Walikutana mara moja kwa mwezi ukumbini huko Manchester, watu wanaopenda nguo za mpira kama wengine wanavyopenda treni za zamani au maua ya waridi, nao walipenda kubishana juu ya vifungo na kupeana maarifa ya namna ya kuzing'arisha. Ndani ya miezi sita Glynis alikuwa na maagizo yanayojaza daftari. Alikuja daktari wa meno kutoka Skipton na mkewe. Alikuja mfugaji wa kondoo aliyetaka ovaroli nyekundu, na akaitaka iwe na mfuko wa kalamu. Alikuja mama mmoja anayeendesha gari la maiti, mpole kuliko wote, akaomba gauni la jioni la rangi ya zambarau.

Wote walikuwa na ugonjwa mmoja. Walidanganya. Ukimwambia mtu aandike kipimo cha kiuno chake, ataandika kiuno cha miaka kumi na minane iliyopita. Glynis alitengeneza nguo tatu kwa vipimo vilivyotumwa na posta, zote tatu zikarudi, na hilo lilimkera kuliko kufukuzwa kazi. Akaweka sheria: hakuna kuagiza bila kupimwa, na anayepima ni yeye. Vipimo arobaini na kimoja, kuanzia kifundo cha mguu mpaka mzunguko wa kichwa.

"Shusha pumzi," alikuwa akiwaambia.

"Nimeshashusha."

"Hujashusha, umeificha. Nitangojea."

Sebule ikawa ndogo. Akapanga duka lililokuwa bucha, lenye ndoano bado darini, zikafaa sana kutundikia makoti. Avril Sagar akaja, halafu wanawake wengine wanne wa benchi lao la zamani, kila mmoja na kigurudumu chake cha mkono alichokiiba kiwandani siku ya kikombe. Ndani ya kila kola walibandika kipande kidogo cha mpira mweupe chenye maneno mawili: Ormerod, Colne.

Hapo ndipo kanisa lilipopata habari. Bi Pickup, mwenyekiti wa kamati ya maua katika kanisa la Wamethodisti, alikuwa mwanamke ambaye dhambi za wenzake zilimfanya aonekane kijana. Alianza kukusanya sahihi za kulifunga duka lile, akibisha nyumba hadi nyumba, na kwa sababu alikuwa ameamua kutoruka mlango hata mmoja, akabisha pia kwenye mlango wa duka lenyewe.

"Bi Ormerod, sina chuki na wewe," alisema, kalamu mkononi. "Mimi nafikiria watoto. Shule iko pale juu, wanapita hapa kila siku."

"Wanaona nini?"

"Wanaona hayo." Alinyoosha kalamu kuelekea koti la kijivu lililotundikwa dirishani.

"Bi Pickup, dirisha hilihili, miaka arobaini, watoto walikuwa wakiona nusu ya nguruwe ikichuruzika damu."

"Nguruwe ni chakula."

"Basi ukimpata aliyekula koti langu, niletee, nitamlipia daktari."

Avril alicheka hadi akamwaga gundi. Bi Pickup alitoka na uso kama dirisha lililofungwa. Sahihi zilifika mia mbili na kumi na mbili, zikapelekwa halmashauri, na huko ikagundulika kwamba watu wasiopungua mia walitia sahihi wakidhani ni malalamiko ya mbwa kujisaidia barabarani. Shauri likaishia hapo. Kati ya waliobaki, waliojua vizuri walichokitilia sahihi, Avril alihesabu majina kumi na moja yaliyokuwa pia kwenye daftari la vipimo.

"Tulibandike dirishani," Avril alisema, macho yakimwaka. "Jina na kiuno. Hasa kiuno."

"Hapana."

"Kimoja tu. Yule wa kwaya."

"Vipimo vya mtu ni siri yake, Avril, hata akiwa mnafiki. Rudi kwenye gundi."

Laiti Glynis angebaki mtu huyo siku zote, hadithi yake ingekuwa fupi na nzuri. Lakini mwezi wa Novemba alikuja Jolyon.

Jolyon alitoka London, na alikuja na viatu vyenye ncha bila soksi, katika baridi ile, vifundo vyake vikiwa na rangi ya nyama ya bata. Kazi yake haikujulikana vizuri. Alisema yeye huzikuza chapa za biashara. Aliwahi kuona gauni la zambarau kwenye karamu fulani, akauliza limetoka wapi, akapanda treni. Alizunguka duka zima akigusa makoti kwa ncha ya kidole, akizitazama ndoano za bucha kana kwamba ni mabaki ya mafarao.

"Hiki ni kitu cha kweli," alisema kwa sauti ya chini. "Mpenzi wangu, unajua ulichonacho hapa?"

"Makoti kumi na sita na bomba linalovuja."

"Hapana! Una ukweli. Watu London wana njaa ya ukweli, wanakufa kwa njaa ya ukweli. Hizi ndoano! Huyu mama!" Alimwonyesha Avril, aliyekuwa akila pai. "Usibadilishe chochote."

Kisha akaeleza alichotaka kibadilishwe. Jina liwe ORM, kwa herufi kubwa, na nukta mwishoni. Kwa nini nukta? Nukta, alisema, ni msimamo. Vipimo arobaini na kimoja viachwe, maana havikuzi chapa, na badala yake ziwe saizi tatu. Na picha zipigwe upya, kwa sababu zile zilizokuwa ukutani zilimwonyesha Bwana Haworth, na mfugaji wa kondoo, na yule mama wa gari la maiti, na wote hao, Jolyon alisema akitafuta neno la upole, hawaendani na picha.

Ungetegemea Glynis amtimue. Avril alitegemea hivyo, alishaweka pai chini ili afurahie vizuri. Lakini katika miaka yote ile kiwandani hakuna mtu mwenye koti zuri aliyewahi kumwambia Glynis kwamba kazi yake ni nzuri. Dirishani waliishia kusema hapana hakuna iliyorudi. Sasa amekuja mtu kutoka London, anayagusa maungio yake, anafumba macho, anasema ni mashairi. Mwanamke yule aliyeweza kumbaini mtu aliyeficha pumzi, huyu hakumbaini. Alinunua kofia. Alianza kusema neno "msimamo" mezani, Neville akamwomba chumvi.

Majira ya kuchipua, barua ikaenda kwa wateja sitini. Ilisema kwamba ORM inaanza safari mpya, na kwa hiyo haitapokea tena maagizo ya mtu mmojammoja, wala haitakamilisha yale yasiyoanzwa. Bwana Haworth alikuwa ameagiza koti la pili, la kijivu, la majira ya baridi. Halikuwa limeanzwa.

Avril aliiona nakala ya barua kwenye meza ya kukatia. Akaisoma akiwa amesimama.

"Hii umeandika wewe?"

"Jolyon ameandika. Mimi nimetia sahihi tu."

"Yule bwana wa kiwandani naye alitia sahihi tu. Angalau yeye alitugawia vikombe."

"Avril, huelewi. Ni biashara, inakua."

"Naiona inavyokua, shoga yangu. Imeanza na kichwa chako." Akavua aproni, akachukua kigurudumu chake, akaenda zake nyumbani. Siku tano hakuonekana, na ya sita Glynis akaacha kutazama mlango.

Maonyesho yalifanyika London mwezi wa Juni, saa sita mchana, ndani ya bwawa la zamani la kuogelea lililokaushwa. Wageni walikaa kwenye vigae, wakinywa kitu cha kijani, na kila mmoja alikuwa amevaa nyeusi na kukasirika. Glynis aliwekwa mstari wa mbele na kofia yake, kushoto kwake mwanamke mwenye miwani mikubwa kama ya mchomelea vyuma, ambaye alikuwa akiandika kwenye jarida linaloogopwa sana. Nguo zilikuwa kumi na nane, zote nyeupe, zote za saizi tatu. Wanamitindo walikuwa kumi na wanane pia, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na mwili wa saizi zile, maana hakuna mwili uliowahi kuzaliwa kwa saizi zile.

Kwenye kila mfuko wa nguo Glynis alikuwa ameweka karatasi iliyoandikwa kwa mkono: PODA TU. MAFUTA MARUFUKU. Jolyon aliziondoa karatasi zote asubuhi ile. Alisema zinavunja hali.

Mwanamitindo wa kwanza alipotokea na kushuka ngazi za bwawa, Glynis aliliona gauni, akaona maungio yake yamekaa sawa mgongoni, na akajaa fahari. Kisha msichana akapita karibu, na Glynis akasikia harufu. Nazi. Walikuwa wamewapaka mafuta ya nazi, shingo mpaka nyayo, ili nguo ziwaingie.

Alijua hasa kitakachotokea. Alishika kofia yake kwa mikono miwili. Msichana alifika katikati ya bwawa, akageuka kwa maringo, na ubavu wa kushoto ukaachia taratibu, kama bahasha inayofunguliwa na mtu asiye na haraka. Likafuata bega. Msichana wa pili mgongo ulimfunguka wote kwa mara moja. Wa nne alibaki na kola na mikono, na chupi yake mwenyewe ya rangi ya ngozi, na heshima yake, kwa sababu aliendelea kutembea kichwa juu. Vipande vyeupe vilianguka kwenye vigae vikilia plapu, plapu. Miaka ishirini na sita bila nguo moja kurudi, na sasa kumi na nane zinakufa mbele ya macho yake kwa mstari.

Watu wakasimama. Wakaanza kupiga makofi.

Mwanamke wa miwani alikuwa analia. Alimshika Glynis mkono. "Ni wewe uliyetengeneza? Sijawahi kuona kitu kama hiki. Vazi linalokiri! Mwili unakataa kufungwa!"

"Ni mafuta ya nazi, mama," Glynis alisema.

"Nazi!" Mwanamke alitoa kalamu. "Bila shaka! Ukoloni!"

Jolyon alitoka nyuma ya pazia. Dakika moja kabla alikuwa mweupe kama nguo zile, lakini makofi yakishampata mtu wa namna ile humrudishia damu upesi. Aliinama. Akaweka mkono kifuani kama mtu aliyeteseka miaka mingi kwa ajili ya siku hiyo.

Wiki ile maagizo yalimiminika, na karibu wote walitaka kitu kimoja: gauni linalopasuka. Jolyon alimpigia simu Glynis, furaha imemjaa hadi anashindwa kumeza mate.

"Mpenzi wangu, swali moja la kiufundi. Tunaweza kuyapanga yapasuke dakika ya nane? Watu wapate muda wa kuingia ukumbini kwanza."

"Unataka nitengeneze maungio yasiyoshika."

"Maungio yanayozungumza."

"Mimi sijawahi kutengeneza kitu kinachovuja, Jolyon. Hata siku moja. Kuna watu walishuka chini ya bahari na kazi ya mikono hii, wakapanda wakiwa wakavu, wakaenda kula chakula cha jioni na watoto wao. Sasa wewe unataka nifanye vibaya makusudi, na bado hutaweza, maana kufanya vibaya namna hiyo kunataka fundi mzuri, na fundi mzuri hatakubali."

"Hilo nalo ni zuri sana. Ngoja niliandike."

Glynis akakata simu. Ilikuwa mara ya kwanza maishani kumkatia mtu simu, na alisema baadaye kwamba ilimpa raha kuliko kofia.

Wakaachana. Jolyon alibaki na ORM na nukta yake, akapata watu kwingine wa kumgundishia magauni vibaya, na si kwamba alianguka, la. Alistawi. Alipewa tuzo ya kioo, akahutubia vyuo juu ya udhaifu, na mpaka leo anavaa viatu bila soksi. Ulimwengu wa mavazi una nafasi kubwa kwa watu kama hao na haujawahi kuijaza.

Glynis alirudi Colne kwa treni akiwa na jina lake la zamani na bucha yenye wanawake wanne waliokuwa hawamtazami usoni. Alasiri ileile alikwenda kwa Avril. Mvua ilikuwa inanyesha. Avril alifungua mlango, akasimama katikati yake, hakumkaribisha.

"Nimekuja kusema nilikosea."

"Sema."

"Nimeshasema."

"Umesema umekuja kusema."

"Nilikosea, Avril. Nilikuwa mjinga mwenye kofia."

Avril alimwacha akilowa kidogo zaidi, kwa makadirio yake dakika mbili, kisha akasogea kando. "Futa miguu. Na kwa mwalimu umekwenda?"

"Bado."

"Basi usivue koti."

Bwana Haworth aliishi peke yake katika nyumba ya mwisho kwenye mtaa wa mteremko. Alimpokea kwa adabu, akamtengenezea chai, akaweka biskuti kwenye sahani. Alikuwa amekonda. Kulikuwa na ugonjwa wa tumbo majira ya baridi, alisema, umepita, hakutaka kuuzungumzia. Mabega yalikuwa yamejikunja tena.

"Barua yako ilikuwa na makosa mawili ya tahajia," alisema.

"Naamini."

"Niliyasahihisha. Mazoea." Alikoroga chai isiyo na sukari. "Bi Ormerod, nilifundisha miaka thelathini na minne. Watoto walikuwa wanaigiza mwendo wangu kwenye korido, nami nikajifanya sioni. Nilipovaa koti lako nilitembea sokoni kama mtu mwenye shughuli zake. Walinicheka, nilisikia, na haikuniuma hata kidogo, kwa sababu koti lilikuwa sawa. Halafu ukaniandikia wewe, na si wao, kwamba siendani na picha."

Barua haikusema maneno hayo. Lakini ilikuwa imeyasema, na wote wawili walijua. Glynis alifungua mkoba, akatoa futi yake ya kupimia, akaishika tu mapajani.

"Nisamehe," alisema.

Mwalimu aliitazama futi ile. Kisha akasimama, akavua sweta, akalikunja vizuri juu ya kiti.

"Kijivu," alisema. "Na kola iwe ndefu kuliko ile ya kwanza."

Glynis alimpima vipimo vyote arobaini na kimoja, akiandika kila kimoja. Kifua kilikuwa kimepungua inchi tatu. Nje watoto wa shule walikuwa wanapita wakipiga kelele, na Bwana Haworth alisimama wima kwenye mwanga wa dirisha, mikono mbali kidogo na mwili, kama alivyoelekezwa.

Koti lilikwisha kabla ya baridi. Barua nyingine sitini, za kuomba radhi, ziliandikwa, safari hii kwa mkono, na Avril alizisoma zote kabla hazijafungwa. Waliorudi walikuwa hamsini na mmoja. Mama wa gari la maiti alijibu kwamba alishajua watarudiana, kazi yake imemfundisha kusubiri watu. Leo kuna wanawake tisa kwenye ile bucha na wanaume wawili, na mteja husubiri miezi saba, na akilalamika huambiwa kwamba anaweza kupata gauni haraka zaidi London, la dakika nane.

Mwaka jana halmashauri ilichapisha kijitabu cha kuwavutia wageni, karatasi nzuri nzito, chenye kichwa cha habari kwamba Colne ni mji wa ubunifu. Ukurasa wa tatu ulimtaja Glynis Ormerod, fahari ya mji, na pembeni ya jina lake wakaweka picha ya gauni jeupe la ORM lililopasuka ubavu mzima.

Glynis aliwapigia simu. Alizungumza na mwanamume mwenye sauti ya uchangamfu.

"Hilo si langu," alimwambia. "Mimi zangu hushika."

"Lakini mama, picha ni nzuri sana! Na tumeshachapa nakala elfu nne."

"Basi andikeni chini yake kwamba nguo imeharibika."

Ikasikika sauti ya kalamu kwenye karatasi. "Imeharibika," yule bwana alirudia kwa heshima kubwa. "Hilo ndilo jina la kazi yenyewe?"

Glynis aliweka simu chini, akamsimulia Avril, na Avril ikabidi atafute kiti. Walicheka hadi wale wengine wakaacha kazi kuja kuuliza kuna nini. Kisha saa ya chakula ikafika, wakafunga duka kwa nusu saa, wakaenda kununua pai.